Sikio la Maksai Mwekundu

Kwa siku nne mfululizo Mzee Sifael alizunguka Oldonyo Sambu akiwa na simu mkononi kama mtu aliyeokota hati ya shamba lake lililopotea. Alipita duka la pembejeo, akapita mnadani, akapita hata kanisani siku ambayo kwaya haikuwa na mazoezi. Kila aliyemsalimia alionyeshwa picha. Simu yenyewe ilikuwa ndogo, na kioo chake kilikanyagwa na ndama mwaka juzi, lakini Mzee Sifael alikuwa na namna yake ya kuielekeza kivulini.

“Unaona nini?” aliuliza.

“Naona ng’ombe, mzee. Na watu wanapigana.”

“Basi umeona vita ya Mwingereza na Mjerumani ilivyofika hapa kwetu. Anayepiga ni babu yangu Lerionka. Anayepigwa ni mwizi.”

Picha hiyo alitumiwa na Nice, binti yake wa mwisho, anayeuza samani mjini, mtaa wa Elerai, katika duka la mama mmoja wa Kibosho aitwaye Pudensiana. Jumatatu ile fundi wa dukani alikuwa akifumua kabati kuukuu ili alitoe mbao. Mgongoni mwa kabati akakuta mbao mbili nyembamba zimegongwa pamoja, na katikati yake, uso ukiwa umelala ndani, mchoro wa rangi ulio mkubwa kama meza ya watu wanne. Kwenye kona uliandikwa mwaka 1943. Nice aliutazama mara moja akakaa chini. Kile kilima kilikuwa kile anachokiona akiwa mlangoni kwa mama yake, na katika lile korongo ndimo alimokuwa akiteka maji.

Alimtumia baba yake akidhani atafurahi na kulainika kidogo. Alifurahi kweli. Kulainika ndiko kulikokataa.

Maana Nice alikuwa na mchumba, na mchumba huyo, Oscar, fundi umeme wa magari, alikuwa mtoto wa Mzee Yiamat wa ng’ambo ya korongo. Mara mbili Oscar alituma wazee kuposa. Mara mbili Mzee Sifael aliwapa chai, akawauliza habari za mvua, akawarudisha na jibu lile lile. “Yiamat aje mwenyewe. Asimame mbele ya watu aseme kwamba babu yake Lemomo aliwatoa ng’ombe wetu kwa jeshi akawaficha wa kwake. Akishasema hivyo, tutazungumza harusi.”

Kila mtu wa umri mkubwa pale Oldonyo Sambu aliijua habari hiyo. Wakati wa vita Serikali ilitaka nyama ya askari, na kila boma liliamriwa kutoa ng’ombe. Siku ya kuwatoa, Lerionka na Lemomo, watu wa rika moja waliohamia pale pamoja na kuchunga pamoja, walichapana fimbo mbele ya Mzungu na jumbe na umati wote, hadi Lemomo akang’oka jino. Nyumba ya Sifael ilisema ni kwa sababu Lemomo aliwauza ng’ombe wa mwenzake akaficha wake. Nyumba ya Yiamat ilisema hivyo hivyo, ila kwa kugeuza majina. Tangu hapo nyumba hizo hazizikani.

“Na kama huo mchoro utasema vingine?” mkewe, Namelok, alimuuliza Ijumaa akimpigia pasi koti.

“Hauwezi kusema vingine. Nimeshawaambia watu.”

Uhakika wake ulitoka kwenye masikio. Lerionka na Lemomo, kwa kuwa mifugo yao ilichanganyika malishoni, walichagua alama moja: pengo la upana wa vidole viwili kwenye ncha ya sikio. Lerionka alikata la kulia, Lemomo la kushoto. Mpaka leo wajukuu wanakata hivyo. Na mbele kabisa ya mchoro, Nice alisema, amesimama maksai mwekundu, na sikio lake moja lina pengo. Kwenye simu ya Mzee Sifael sikio hilo lilikuwa dogo kuliko punje ya mtama, na ufa wa kioo ulipita juu yake. Hakuhitaji kuliona.

Jumamosi aliteremka Elerai na mkewe, na gari mbili za Noah zilizojaa mashahidi. Mchungaji alikuwa ameomba radhi kwamba ana darasa la kipaimara. Mzee Sifael alivaa koti, akavaa na kofia, akashuka kiti cha mbele akiwa amekwisha kushinda.

Pudensiana alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

“Karibuni. Kuangalia ni elfu mbili mtu mmoja.”

“Kuangalia nini?”

“Mchoro.”

“Mama, yule ni babu yangu.”

“Sikatai. Lakini babu yako nimemkuta ndani ya kabati langu.”

Mashahidi walitazamana. Elfu mbili ni nauli, na walikuwa wameahidiwa kwamba siku hiyo hawatatoa kitu. Mmoja baada ya mwingine waligundua kwamba hewa ya nje ni nzuri. Mzee Sifael aliingiza mkono mfuko wa koti, akautoa, akauingiza mfuko mwingine. Fedha yote ilikuwa imekwenda kwenye mafuta ya Noah.

“Nitalipia mimi,” Nice alisema bila kumtazama, akimshika mama yake mkono. “Baba na Yeyo. Mama Pude, unikate kwenye mshahara.”

“Nitakukata,” alisema Pudensiana, na akaandika.

Ndani walikuta Mzee Yiamat amekwisha kuketi, amevaa miwani myeusi, mwanawe pembeni. Mzee Sifael alimtazama akasema moyoni kwamba hata leo mtu huyu amekuja na maringo. Hakujua kwamba Yiamat ana mtoto wa jicho macho yote mawili na anangoja siku ya upasuaji. Angejuaje, wakati wamekaa maisha yao yote bila kusalimiana.

“Shikamoo, mzee,” alisema Oscar akisimama.

“Marahaba,” alijibu Mzee Sifael, akielekeza marahaba hiyo kwenye dari.

Waliketishwa kwenye makochi mapya ambayo bado yalikuwa na nailoni, na kila aliyejisogeza kidogo nailoni ilitoa mlio wa kuaibisha. Kwa hiyo wote walikaa wima kama wanaopigwa picha ya pasipoti. Mbele yao, ukiegemea kabati la milango mitatu, ulikuwa mchoro wenyewe. Mzee Sifael hakuwa ametegemea rangi za namna ile. Vumbi lilikuwa jekundu hasa kama vumbi la kwao Septemba. Hata nzi walikuwepo.

Mwalimu Arnold, mume wa Pudensiana, aliyefundisha historia miaka thelathini na minne na kustaafu bila kuacha, alishika rula ndefu.

“Mwaka 1943,” alianza. “Wakati wa vita Wapolandi waliokimbia kwao walihifadhiwa kule Tengeru, upande wa pili wa mlima. Mbao hii ni ya sanduku, na kabati limeungwa kwa mtindo usio wa hapa. Nakisia mchoraji alikuwa mmoja wao, ingawa sina ushahidi. Tazameni sasa. Hapa Mzungu yuko mezani, ana mwavuli. Hapa askari. Huyu mwenye kanzu ni jumbe. Katikati watu wawili wanapigana kwa fimbo.”

“Lerionka na Lemomo,” alisema Mzee Sifael.

“Inawezekana. Na huyu hapa mbele, kati ya wanaouzwa, ni maksai mwekundu. Anatutazama. Alama yake ni hii.” Rula iligusa hewa upande wa dirisha. “Sikio la kulia.”

Nailoni ya kochi la Yiamat ililia.

“Mwalimu, una hakika ni kulia?” aliuliza Yiamat.

“Kulia kabisa, mzee.”

“Na wengine?”

“Wengine kwa mbele masikio hayaonekani, wamefunikana. Kule nyuma kuna wachache wanaopanda korongo, lakini hao ni mandhari tu. Wachoraji hupenda kujaza nafasi.”

Mzee Yiamat alivua kofia. Aliiweka magotini, akaizungusha ukingoni. Halafu akamshika Oscar bega, akasimama, uso wake ukiwa umeelekea kabati la vyombo badala ya kumwelekea aliyekusudia kusema naye.

“Sifael,” alisema. “Baba yangu aliniapia kwamba ng’ombe walikuwa wa kwetu. Nimeliamini hilo tangu nikiwa mtoto. Sasa mtu asiye wa kwenu wala wa kwetu ameliona sikio, na mimi macho yangu yana ukungu, sina ya kubishana naye. Kama Lemomo alifanya hivyo, basi mimi niliyebaki wa nyumba yake…”

Mzee Sifael alikuwa ameingoja sauti hiyo tangu alipoanza kufuata ndama. Alijiegemeza ili imwingie vizuri. Akamtazama maksai, kwa heshima, kama unavyomtazama shahidi aliyekusaidia.

Na hapo mkono wake wa kushoto ukanyanyuka wenyewe.

Kwa miaka hamsini alikuwa amekata masikio ya ndama. Humbana ndama magotini, uso kwa uso, halafu mkono wa kushoto hushika sikio la kulia la ndama na mkono wa kulia huja na kisu. Mkono ulikuwa umefanya kazi hiyo mara nyingi kiasi cha kutongoja amri. Ulinyooka sasa hewani kuelekea kwenye mchoro, ukafika kwenye sikio la kulia la maksai mwekundu, na sikio hilo lilikuwa zima. Pengo lilikuwa upande wa pili.

Aliurudisha mkono haraka, akaufanya kama anafukuza nzi. Akamtazama Namelok. Namelok, ambaye amekamua ng’ombe wa mume huyu tangu alipoolewa na kuwatofautisha gizani kwa kuwapapasa, alikuwa akisoma bei ya kitanda.

“Umemaliza kuangalia?” alimuuliza mumewe kwa sauti ya chini.

“Bado.”

“Mimi nilimaliza tulipoingia tu.”

Yiamat alikuwa akiendelea. Amefika kwenye kondoo wa kupatanisha, na siku ya kumleta. Oscar alikuwa amemtazama Nice, na uso wa kijana ulikuwa umefunguka kama mtu aliyetoka kwa daktari na majibu mazuri. Nice alikuwa akifuta machozi kwa karatasi ya bei. Mzee Sifael aliona wazi kwamba hakuna anayemhitaji aseme neno. Mwalimu amesema. Yiamat haoni. Vijana wataoana. Nje kuna Noah mbili za watu watakaoipeleka habari hadi Longido. Mke wake hatasema. Mke wake atakuwa anajua tu, kila asubuhi, akimpa uji.

Na huyu kijana atakuja ukweni na macho chini maisha yake yote, kwa ajili ya sikio la kushoto.

“Kaa chini, Yiamat,” alisema.

“Sijamaliza.”

“Kaa tu. Mwalimu, wewe umewahi kukata sikio la ndama?”

“Mimi? Hapana. Kwetu Kibosho ng’ombe anakaa bandani, tunamletea majani. Atapotelea wapi?”

“Simama hapo tutazamane. Inua mkono wako wa kulia.”

Mwalimu Arnold akainua, rula ikiwa ndani yake.

“Kwangu mimi huo uko upande gani?”

“Kwako uko…” Mwalimu alianza. Aligeuka akamtazama maksai, akautazama mkono wake, akamtazama tena maksai. Polepole akaishusha rula.

“Miaka thelathini na minne,” Pudensiana alisema kutoka mlangoni. “Na hukuwahi kumwangalia mwanafunzi usoni.”

“Semeni, jamani,” Yiamat alisema. “Mimi sioni.”

Mzee Sifael alisimama. Nailoni ilimsindikiza. “Pengo liko sikio la kushoto. Maksai ni wa kwenu. Waliouzwa ni wa kwenu.” Alisogea karibu na mchoro, kule ambako mwalimu alisema ni mandhari. Ng’ombe waliokuwa wakipanda korongo walikuwa wamewapa mgongo. Yule wa mwisho alikuwa na pengo upande wa kulia, na kwa kuwa mgongo uko kwetu, kulia kwake ni kulia kwetu. “Na huyu anayekimbizwa korongoni ni wa kwetu. Babu yangu ndiye aliyeficha. Ndivyo ilivyo. Nimekodi gari mbili kuja kusikia hivyo.”

Mzee Yiamat aliketi taratibu.

“Rudia,” alisema.

“Umesikia.”

“Nimesikia. Lakini nina miaka sabini na miwili, na ni mara ya kwanza. Rudia mara moja tu.”

Mzee Sifael akarudia. Safari hii akataja na jina la Lerionka, akalazimika kulianza upya.

“Basi ndiyo mmemaliza?” Namelok aliuliza. Alikuwa ameshainuka, akakipitisha kidole chake karibu na mchoro bila kuugusa. “Mmeangalia sikio moja mmefunga kesi. Mmefungua tena, mmeangalia sikio la pili mmefunga tena. Hapa kuna ng’ombe saba. Huyu kulia. Huyu kushoto. Huyu kushoto. Huyu kulia. Huyu kushoto.” Alihesabu kuanzia wa mwisho, kwa sauti ile ile anayotumia jioni wanapoingia zizini. “Kulia. Kushoto. Watatu wetu, wanne wao. Wote majike. Wote wana viwele.”

Nice alisogea. Oscar naye akasogea, akamsahau baba yake.

“Nani anawaswaga?” aliuliza Yiamat.

“Wanawake wawili,” alijibu Namelok. “Mmoja ana mtoto mgongoni. Mwenzake amemshika mkono, pale kwenye utelezi.”

“Na watu wengine wanafanya nini? Huyo Mzungu?”

Oscar ndiye aliyejibu. “Anaangalia ugomvi, Baba. Jumbe anaangalia ugomvi. Askari wote wanaangalia ugomvi. Hakuna hata mmoja aliyegeuka nyuma.”

“Na wanaopigana?”

Namelok aliinama hadi pua ikakaribia rangi. “Lerionka anacheka,” alisema.

“Ni meno tu yanaonekana,” alisema Mwalimu Arnold, ambaye sasa alikuwa mwangalifu. Akainama naye. Akakaa huko chini kidogo. “Hapana. Ni kicheko. Wanacheka wote wawili.”

Mzee Sifael alirudi nyuma akitafuta pa kukaa. Aliketi, bahati mbaya au nzuri, kwenye kochi la Yiamat. Miaka themanini watu wa nyumba mbili walikuwa wamekatana salamu, wamenyimana moto, wamepita njia ndefu ya kisimani, kwa ajili ya fimbo zilizochapwa makusudi ili jumbe asigeuze shingo. Walitoa maksai wachache na kuokoa maziwa, mwaka ambao hata uji ulikuwa wa kugawana. Na siri ilikuwa ya kufungwa jela, kwa hiyo watoto hawakuambiwa. Watoto waliona ugomvi, wakaurithi.

“Lile jino,” Yiamat alisema polepole. “Bibi yangu alizoea kusema lilikuwa limeoza tangu zamani. Tulidhani anamtetea mumewe.”

Pudensiana alicheka kwanza, kisha Oscar. Mzee Sifael alijitahidi kubaki na uso wa mtu mzima, akashindwa, na nailoni ikacheka pamoja nao.

Yiamat alipomaliza kucheka alikuwa bado na kofia mkononi. “Siku baba yako alipozikwa nilikuwa nyuma ya ua wa minyaa,” alisema. “Nilisikia nyimbo zote. Sikuingia.”

“Nilikuona.”

“Ukaniona?”

“Nikashukuru kwamba hukuingia.”

Yiamat alitikisa kichwa, taratibu, kama anayepokea kitu kizito na kukitafutia mahali pa kukiweka. Pudensiana, bila kuombwa, alikifuta kile alichoandika kwenye daftari lake, akampa fundi amri ya kuchemsha chai.

“Mzee,” Oscar alithubutu, “wale wazee wangu niwatume tena lini?”

Mzee Sifael hakutazama dari. “Jumamosi ijayo. Na waje na njaa. Mara zile mbili niliwanyima chakula makusudi.”

“Walijua, mzee.”

“Najua kwamba walijua.”

Walipotoka, jua lilikuwa kali na mashahidi walikuwa wamejibanza kwenye kivuli cha magari. Kwanza walimwona Namelok na binti yake. Halafu wakamwona Mzee Sifael akishuka ngazi mbili za duka moja moja, amemshika Mzee Yiamat kiwiko, akimwambia mahali pa kukanyaga.

“Nishike vizuri,” alisema Yiamat. “Watu wanaangalia.”

Mtu mmoja, mzee wa kanisa ambaye alikuwa ameacha shamba lake kwa ajili ya siku hiyo na hakutaka kurudi mikono mitupu, alisogea mbele.

“Mzee Sifael, sisi tumekaa juani tangu asubuhi. Tuambie. Ni nani aliyekuwa mwizi?”

Mzee Sifael aliweka kofia sawa.

“Wote wawili,” alisema. “Babu yangu na babu yake. Walimwibia Mfalme wa Uingereza ng’ombe saba wa maziwa, mchana kweupe, mtu wake akiwa amekaa mezani chini ya mwavuli.”

Watu wa Oldonyo Sambu walilipima jambo hilo. Si habari waliyoijia, lakini walipoigeuza huku na huku waliona haina ubaya wa kubeba hadi nyumbani.

“Saba tu?” aliuliza mzee wa kanisa.

“Saba waliofika kwenye mchoro,” Yiamat alijibu.

Mzee Sifael alifungua mlango wa Noah, akamwingiza Yiamat kiti cha mbele, akahakikisha mguu wake wote umeingia, akafunga. Kisha akazunguka akaenda kukaa nyuma.